Kabla ya kununua dawa ya nondo wa mpunga, chukua jembe

Mhariri,

Pole na kazi. Wakati wa kupandikiza, msomaji mwenzangu aliuliza kwenye ukurasa wenu wa barua ni dawa gani apulizie mpunga wake. Alisema miche imekatwa ncha, majani yaliyobaki yanageuka meupe, na juu ya maji kunaelea vipande vifupi vya majani kama mtu amepita na mkasi. Waliomjibu walimtajia majina ya dawa. Mimi nilikuwa shambani mpaka mavuno, ndiyo maana nachelewa, lakini msimu mwingine hauko mbali na kiwavi aliyefanya hivyo, mtoto wa nondo wa mpunga, atarudi. Wao walimtajia dawa, mimi namtajia jembe. Achukue jembe, akate tuta, maji yatoke, jaruba likae bila maji siku mbili au tatu. Basi.

Ila nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu. Kutoa maji ni rahisi kukisema kikaoni, na huku kwetu ni kugumu kukifanya, tena kwa sababu zisizomhusu mdudu hata kidogo. Naomba nafasi nieleze.

Mimi ni mama wa miaka sitini na kitu, nalima mpunga bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, upande wa Igurusi. Majaruba yangu yako mkiani mwa mfereji. Walio karibu na banio, lango la kuingizia maji, wanapata maji kwanza, sisi wa mkiani tunapata wenzetu wakishashiba, na tunapokea pamoja nayo kila walichokiachia: mbolea, magugu, chupa tupu za dawa, na huyu kiwavi. Kwa hiyo namfahamu vizuri.

Mzazi wake ni nondo mdogo mweupe. Akitandaza mabawa, kutoka ncha moja hadi nyingine ni kama milimita 15, na mabawa yenyewe yana madoa ya kahawia na meusi. Mchana humwoni, amejificha kwenye mpunga. Usiku anafuata mwanga. Ukiwasha taa ya sola kibarazani wakati miche ingali michanga, utamkuta amejibandika ukutani, na hapo ujue kazi imeshaanza jarubani. Jike hutaga mayai upande wa chini wa majani yaliyolalia maji. Baada ya siku chache yanaanguliwa, kisha vinaanza vituko ambavyo sijaviona kwa mdudu mwingine wa shamba.

Kiwavi akiwa mdogo anakwangua jani tu. Akipata nguvu anapanda hadi nchani, anaikata, anajiviringishia kile kipande na kukishona kwa uzi unaotoka mdomoni mwake mpaka kinakuwa kifuko cha kumtosha yeye mwenyewe. Akishaingia, anajiachia. Anaanguka majini na kifuko chake na kuelea. Mchana kutwa anaelea tu, hana haraka. Usiku anashika shina, anapanda akiwa amebeba kifuko, anakula jani. Hali mishipa migumu, anakula nyama laini iliyo katikati, ndiyo maana jani linabaki na vijistari vyeupe vilivyopangana. Kila akijivua ngozi anakua, kifuko kinambana, anakata jani jingine na kujishonea kipya. Maisha hayo huchukua wiki mbili hadi nne, halafu anajishikiza kwenye shina karibu na usawa wa maji, anageuka buu humo humo ndani ya kifuko, na siku chache baadaye anatoka nondo.

Sasa, swali ni anapumuaje. Mjukuu wangu wa darasa la sita alichukua kifuko kimoja, akakiweka kwenye bakuli jeupe lenye maji, akakichana kwa mwiba taratibu. Ndani alikuwamo kiwavi wa kijani kilichopauka, unaona mpaka ndani ya mwili wake, na mbavuni ana nyuzi nyembamba nyeupe kila upande. Hizo nyuzi ni matamvua yake, zinamfanyia kazi ya kupumua majini kama matamvua ya samaki. Kifuko chake nacho hubaki na maji kidogo ndani, na akikipandisha juu ya shina usiku amebeba maji yake ya kupumulia. Bila maji hana pumzi. Ukilielewa hili umeelewa kila kitu kuhusu huyu mdudu, na hutahitaji mtu akuuzie chupa.

Mjukuu aliuliza kama kuna nondo wengine wa majini. Binti wa dada yangu, aliyesomea kilimo, alimjibu kwamba wapo wengi tu. Huyu wetu jina lake la kitaalamu ni Parapoynx stagnalis, alipewa na Mjerumani aitwaye Zeller mwaka 1852, na yupo Afrika, yupo Asia, kwenye mpunga wa maji. Uingereza wana mmoja ambaye viwavi wake huishi kwenye vile vijani vidogo vinavyofunika madimbwi, na mwingine ambaye jike lake mara nyingi halina mabawa ya kurukia, linaishi chini ya maji hadi kufa. Afrika Kusini nao walileta nondo wa ukoo huo kutoka Amerika Kusini, wakamwachia mwaka 1990 makusudi ale gugu maji. Kwa hiyo ukoo wenyewe si wa kulaaniwa wote. Mjukuu aliandika yote hayo kwenye daftari la sayansi, na mimi nikarudi kwenye majaruba yangu.

Nirudi kwa msomaji wetu. Kwanza ahakikishe ni yeye. Huku watu wakiona weupe kwenye mpunga wanasema kimyanga na kuanza kulia. Kimyanga ni ugonjwa wa virusi: jani linakuwa na njano, mche unadumaa, na hakuna ncha iliyokatwa. Funza wa mabua anakula ndani ya shina, jani la katikati linakauka, ukilivuta linachomoka bila ubishi. Huyu wa kifuko ncha zimekatwa sawasawa, na ukiinama usawa wa maji utaviona vifuko vyenyewe. Utaviona zaidi kwenye kona moja. Kwa kuwa anaelea, upepo ndio unaomwamulia aende wapi. Huku kwetu upepo wa mchana unasukuma kila kinachoelea kwenda upande mmoja wa jaruba, kwa hiyo unakuta kona hiyo imeliwa nyeupe pe, na hatua chache pembeni mpunga umestawi bila jeraha. Mtu asiyejua anadhani udongo wa kona ile una matatizo, anaongeza urea. Mbolea nyingi inafanya majani kuwa laini zaidi, na kiwavi anashukuru.

Pia asikate tamaa mapema. Mpunga ni mvumilivu. Miche iliyoliwa ikiwa bado inachipua machipukizi hutoa majani mapya, na hasara mara nyingi ni kuchelewa kukomaa wiki moja au zaidi kidogo. Ukishamaliza kuchipua na kuanza kubeba mimba, huyu mdudu si wa kukunyima usingizi tena. Kuchelewa nako kuna gharama yake, sikatai: unavuna wakati wenzako wameshamaliza, kwelea kwelea wote wanahamia kwako.

Tatizo ni kwamba hatuvumilii. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017 na kumaliza mahindi ya watu, ukisema tu umeona kiwavi shambani mtu anauza kuku akanunue dawa. Jirani yangu mmoja alikwenda duka la pembejeo, nisilitaje, akaeleza kuhusu vifuko vinavyoelea. Muuzaji hakuuliza mpunga una umri gani, wala una maji kiasi gani. Alimpa chupa yenye picha ya mmea wa mahindi. Jirani alijaza bomba, akapulizia jaruba lililojaa maji. Dawa ile ilikuwa ya kundi la pairethroidi, kundi ambalo linaua samaki hata kwa kiasi kidogo sana. Kesho yake asubuhi watoto walikuwa wanaokota kambare wadogo waliogeuza matumbo juu mferejini, wamefurahi, wanasema leo mboga ipo. Mimi na mama mwingine tuliwanyang'anya ndoo na kufukia wale samaki. Tulitukanwa na mama mmoja kwa kuwanyima watoto kitoweo, mpaka tulipomwonyesha chupa.

Hao ni samaki tu. Ndani ya jaruba wamo wanaomla huyu kiwavi bila kulipwa. Konokono wanakula mayai yake. Mende wa majini wanakula viwavi. Buibui na kerengende wanamkamata nondo mwenyewe. Ukipulizia unawaua wote hao, halafu nondo wapya wanakuja kutoka kwa jirani usiku unaofuata na kutaga mahali ambapo hakuna tena wa kuwagusa. Na wataalamu wa mpunga wanaonya kwamba pairethroidi zimeshazoeleka kwa huyu mdudu. Kwa hiyo ulimlisha nani dawa? Ulitulisha sisi wa mkiani, maana maji yale yalishuka kwetu, na wapo wanaooshea vyombo humo.

Basi kwa nini watu hawatoi maji, ikiwa ni rahisi hivyo? Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wa skimu nyingine za umwagiliaji wanisikilize, maana nadhani hata kwao ni hivi hivi.

Sababu ya kwanza ni hofu. Maji ukishayaachia huna uhakika wa kuyapata tena. Zamu yako ikipita imepita, na inayofuata inaweza kuangukia usiku wa manane, ukifika banioni unakuta mtu wa juu ameshaziba kwa mifuko ya mchanga na ameenda kulala. Mtu wa namna hiyo akipata maji anayakumbatia mpaka yanafika magotini, kina ambacho mpunga haukihitaji kabisa lakini kiwavi anakipenda mno. Simlaumu anayeyakumbatia. Ningekuwa na uhakika wa zamu yangu ya Alhamisi, Jumatatu ningelikausha jaruba bila wasiwasi. Sina, kwa hiyo hata mimi mkono unasita kwenye jembe.

Sababu ya pili ni mbolea. Aliyemwaga urea juzi hawezi kukubali iende na maji. Ana haki. Ndiyo maana jaruba likaguliwe kwanza, na kama vifuko vipo, kukausha kutangulie na urea isubiri. Magugu nayo yanaota haraka penye tope lisilo na maji, hilo nalo tusifichane. Utapalilia zaidi kidogo. Mimi naona afadhali palizi.

Sababu ya tatu ndiyo inayoleta ugomvi. Skimu nyingi za huku maji yanapita jaruba kwa jaruba. Nikikata tuta langu, maji hayaendi mferejini, yanakwenda kwa jirani wa chini, na vifuko vyote juu yake. Nimejitibu kwa kumpelekea ugonjwa. Njia niliyoiona inafaa ni hii: kabla ya kukata tuta nakwenda ile kona ambako upepo umevikusanya, navichota kwa chekeche kubwa, nawamwagia kuku. Kisha watu wawili wanashika kamba, mmoja huku na mwingine kule, wanaikokota juu ya mpunga ili viwavi waliong'ang'ania majani waanguke majini. Wakulima wa India wanafanya hivyo siku nyingi. Mwisho naweka kipande cha chandarua kilichochakaa kwenye mdomo wa tuta, maji yanapita, vifuko vinabaki. Ni kazi ya asubuhi moja kwa jaruba lisilo kubwa, na mjukuu anaipenda kuliko palizi.

Dawa ya kudumu ni mfereji wa kutolea maji, na hapa nitasema bila kupepesa macho. Tukitangaziwa msaragambo, kazi ya pamoja, wa kuzibua mfereji wa kuingiza maji, watu wanajaa, wasiokuja wanatozwa faini, na hata wazee wanakuja na makoleo. Mfereji wa kutolea maji je? Umejaa matete na udongo miaka nenda rudi, kuna mahali watu wamepanda matembele juu yake. Hakuna anayeuona kuwa ni mali yake kwa sababu hauleti kitu, unaondoa tu. Wakati huo huo yale magugu na nyasi za majini zilizomo ndimo nondo wanamolelea watoto wao mpunga ukishavunwa, wakisubiri msimu mwingine. Skimu isiyo na mahali pa kutolea maji inamlazimisha mkulima kwenda dukani.

Sisi wa Usangu tunanyoshewa vidole kila kiangazi kuhusu Ruaha Mkuu. Mto ule ulianza kukauka miezi ya kiangazi mwaka 1993, wanyama wa hifadhi wanahangaika, watu wa bwawa la umeme la Mtera wanalalamika, na mshtakiwa wa kwanza siku zote ni mpunga. Ugomvi ule ni mpana, sitaumaliza kwenye barua hii. Lakini ninachokiona kwa macho ni kwamba tunayashikilia maji hata pale mpunga unapotuomba tuyaondoe. Wanaofuata kilimo shadidi, kile kilichoanzishwa Madagaska miaka ya 1980 na padre Mfaransa Henri de Laulanié, wanalowesha na kukausha jaruba kwa zamu, wanapanda mche mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na maji hayasimami muda mrefu. Kiwavi wa kifuko ataelea wapi hapo? Ni kweli miche yao inapandikizwa ikiwa midogo sana, na kiwavi anapenda miche laini, kwa hiyo wawe macho wiki za mwanzo. Ila hawapulizii ovyo, na maji yao kidogo yanatosha.

Ninachoomba kwa viongozi wa skimu, yetu na za wengine, ni kwamba kalenda ya maji iwe na siku za kukausha. Tunayo kalenda ya kuandaa vitalu, ya kuchavanga (kuvuruga tope la jaruba), ya kupandikiza. Iongezwe ya kukausha, kati ya wiki ya pili na ya nne baada ya kupandikiza, eneo zima la mfereji mmoja likaushwe pamoja, na iandikwe kabisa ni siku gani maji yanarudi na nani anafungua banio. Wote wakikausha kwa pamoja hakuna wa kumpelekea mwenzake viwavi. Na mtu akijua maji yatarudi Alhamisi, hahitaji kushawishiwa.

Kwa mabwana shamba na mabibi shamba, tunawaheshimu na tunajua vijiji ni vingi na pikipiki ni moja. Mje jioni basi, hata mara moja kwa msimu, mkiwa na tochi. Mkija saa nne asubuhi mdudu anaelea, amejifunika, mnaona jani tupu na kuandika jina la dawa. Na wauza pembejeo wapewe hata karatasi moja yenye maswali matatu ya kumuuliza mteja wa mpunga: ncha zimekatwa, vifuko vinaelea, maji yamesimama? Akijibu ndiyo mara tatu, amrudishe shambani na pesa yake. Najua ni kumwomba mfanyabiashara afukuze mteja. Naomba hivyo hivyo.

Kikao chetu cha kuandaa msimu hufanyika kabla ya mvua za Novemba, na nimeshaomba nafasi ya kuzungumza kuhusu msaragambo wa mfereji wa kutolea maji. Mhariri, kama barua hii itapata nafasi, tafadhali itoke kabla ya hapo. Nitakwenda nayo mkononi, maana wazee wa banioni mama akisema wanaangalia simu, ila kilichochapwa gazetini wanakisoma mpaka mwisho.

Mkulima wa mpunga,
Igurusi, Mbarali